Saa za mkurugenzi wa teknolojia: Mtaji usioonekana kwenye mizania

Katika bidhaa zote zinazohesabiwa kwenye sekta ya teknolojia, ipo moja ambayo mahitaji yake hupanda kila mwaka huku ugavi ukibaki palepale. Bidhaa hiyo haiuzwi kwenye soko la hisa, haikopeshwi na benki yoyote, wala haiwezi kuwekwa ghalani ikasubiri bei nzuri. Ni saa za kazi za mkurugenzi wa teknolojia. Zikipita leo bila kutumika vizuri, kesho hazirudi hata kwa riba.

Wakuu wengi wa idara za teknolojia katika mabenki, kampuni za simu na mashirika makubwa walianza kazi wakiwa mafundi hodari. Walipandishwa cheo kwa sababu mtambo ulipolala, wao ndio waliouamsha. Tatizo ni kwamba baada ya kupewa ofisi kubwa na katibu muhtasi, bado wanaendelea kuitwa kila mashine ya kutolea fedha inapogoma. Wakati huohuo bodi inataka taarifa, wakaguzi wanataka majibu, na wauzaji wa programu wanasubiri mapokezi wakiwa na mikoba yao. Jioni inapofika, mkurugenzi amechoka kweli kweli, lakini akiulizwa siku hiyo amezalisha nini, hana jibu la kuridhisha.

Somo la wiki hii linaeleza namna ya kulitazama tatizo hilo kibiashara, yaani kama hesabu ya mtaji, gharama na faida. Mfano mkuu unatoka katika kampuni ya Intel ya Marekani, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikaribia kuangamia huku viongozi wake wakiwa na shughuli kuanzia asubuhi hadi jioni.

INTEL NA MWAKA ULIOPOTEA

Intel iliundwa mwaka 1968. Biashara iliyoijengea jina ilikuwa chipu za kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 1971 ilitoa pia maikroprosesa yake ya kwanza, lakini kwa miaka mingi wakuu wa kampuni waliendelea kujihesabu kuwa watu wa chipu za kumbukumbu. Ilipofika miaka ya 1980, viwanda vya Japani vilikuwa vikitoa chipu za aina hiyo zenye ubora mkubwa na kwa bei ambayo Intel haikuweza kuimudu. Soko lilipodorora kuanzia mwaka 1984, hasara ikaanza kuonekana wazi.

Andrew Grove, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo wakati huo, alikuja kukiri baadaye kwamba menejimenti ilitangatanga kwa karibu mwaka mzima. Mikutano ilifanyika, taarifa ziliandikwa na mapendekezo yalijadiliwa, lakini swali lenyewe halikuguswa. Ndipo siku moja katikati ya mwaka 1985 alipokaa ofisini na mkuu wake, Gordon Moore, akamwuliza: bodi ikituondoa sisi na kuleta mkuu mpya, huyo mpya atafanya nini? Moore alijibu kwamba angeachana na chipu za kumbukumbu. Grove akahoji, basi kwa nini wao wawili wasitoke mlangoni, kisha warudi ndani na kulifanya jambo hilo wenyewe?

Uamuzi huo uliiokoa kampuni, ingawa kwa gharama kubwa. Viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira, na mwaka 1986 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 170. Lakini nguvu zote zilielekezwa kwenye maikroprosesa, na ilipofika mwaka 1992 Intel ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika utengenezaji wa chipu.

Lipo jambo jingine katika kisa hicho ambalo kila mkurugenzi anapaswa kulitafakari. Wakati wakuu wakiendelea kubishana, mameneja wa ngazi ya kati walikuwa wamekwishaanza kuhamisha uzalishaji. Wao walifuata kanuni ya kawaida ya kampuni, kwamba kiwanda kitengeneze kile chenye faida kubwa zaidi kwa kila kipande cha silikoni. Uamuzi wa kuondoka kwenye chipu za kumbukumbu ulipofanywa, ni kiwanda kimoja tu kati ya vinane kilichokuwa bado kinazitengeneza. Kwa maneno mengine, daftari la viwanda lilikuwa limesema ukweli kabla ya shajara za wakubwa.

HATUA YA KWANZA: FUNGUA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanuni hiyo, ambayo kila mwenye duka anaijua, ndiyo msingi wa usimamizi wa wakati. Mtaalamu wa menejimenti Peter Drucker aliieleza kwa wakurugenzi tangu mwaka 1967: kabla ya kupanga, andika kwanza saa zako zinakwenda wapi, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hudanganya.

Waliojaribu kupima wamepata majibu ya kushangaza. Mwaka 1973 Henry Mintzberg alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakurugenzi watendaji watano. Nusu ya shughuli zao zilidumu kwa chini ya dakika tisa, na ni moja tu kati ya kumi iliyozidi saa moja. Mkurugenzi aliyedhaniwa kuwa amekaa akitafakari mustakabali wa kampuni, kumbe alikuwa akirukaruka kama mwuzaji wa genge saa za jioni.

Aidha, mwaka 2018 Michael Porter na Nitin Nohria wa Harvard Business School walitoa matokeo ya kuwafuatilia wakurugenzi watendaji 27, wengi wao wa kampuni kubwa, kwa majuma 13 kila mmoja. Kwa wastani walifanya kazi saa 62.5 kwa juma na kuhudhuria mikutano 37. Mikutano ilichukua asilimia 72 ya saa hizo, sawa na saa 45. Wateja, ambao ndio wanaoilipa kampuni, walipata asilimia 3, yaani chini ya saa mbili kwa juma.

Mkurugenzi wa teknolojia anayetaka kuanza hana haja ya mashine yoyote. Daftari la shilingi chache linatosha. Kila baada ya nusu saa aandike anafanya nini, au amkabidhi katibu muhtasi kazi hiyo. Baada ya majuma mawili agawe saa hizo katika mafungu manne: mitambo iliyoharibika, mikutano, watu wake, na mambo ya mwaka ujao. Fungu la mwisho mara nyingi ndilo jembamba kuliko yote, na ndilo ambalo kukosekana kwake karibu kuliizamishe Intel.

HATUA YA PILI: PIGA HESABU YA KIKAO

Kampuni nyingi zina utaratibu mkali wa kununua kompyuta moja. Patakuwa na maombi, ankara tatu za bei na saini ya mhasibu. Lakini mtu yeyote anaweza kuitisha kikao cha watu tisa kwa saa mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Grove aliligusia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu uongozi. Alikadiria kwamba mameneja kumi wakikaa saa mbili, kampuni imetumia dola 2,000, na akahoji kwa nini mfanyakazi hawezi kuiba kifaa cha ofisi cha thamani hiyo, lakini anaruhusiwa kuondoka na wakati wa wenzake.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwa shilingi. Tuchukue mfano wa kubuni wa mkurugenzi anayelipwa shilingi 9,000,000 kwa mwezi kwa saa 180 za kazi. Saa yake moja ni shilingi 50,000. Wasaidizi wake wanane wanalipwa shilingi 5,400,000 kila mmoja, hivyo saa ya kila mmoja ni shilingi 30,000. Wakikaa wote tisa kila Jumatatu kwa saa mbili, mkurugenzi anagharimu shilingi 100,000 na wasaidizi shilingi 480,000. Jumla ni shilingi 580,000 kwa kikao, au shilingi milioni 29 kwa majuma 50 ya mwaka, bila kuhesabu chai na vitafunio.

Sasa tuseme ajenda ikasomwa vizuri na ikaonekana kwamba inahitaji wasaidizi watatu tu kwa saa moja. Gharama inashuka hadi shilingi 140,000. Kila juma kampuni imeokoa shilingi 440,000, na kwa mwaka shilingi milioni 22. Wasaidizi watano waliobaki ofisini nao wamerudishiwa asubuhi yao.

Baadhi ya kampuni zimelichukua jambo hili kwa uzito. Januari 2023, Shopify ya Kanada ilifuta kwenye kalenda zake mikutano yote ya kujirudia yenye watu zaidi ya wawili, na ikarejesha utaratibu wa Jumatano kuwa siku isiyo na mikutano. Amazon nayo ilichukua njia tofauti. Tangu mwaka 2004 wakuu wake waliacha kuonyeshana slaidi kwenye vikao vya juu. Badala yake mwenye hoja huandika waraka usiozidi kurasa sita, na kikao huanza kwa ukimya, kila mtu akiusoma. Anayelazimika kuiandika hoja yake kwa sentensi kamili hugundua mapema kama hoja yenyewe ipo.

HATUA YA TATU: TAFUTA SAA INAYOZAA

Kupunguza matumizi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwekeza, na hapa ndipo mafunzo ya Grove yana thamani kubwa zaidi. Alisema mazao ya meneja hayapimwi kwa jasho lake binafsi, bali kwa mazao ya watu walio chini yake pamoja na idara anazozigusa. Kwa hiyo saa nzuri ni ile ambayo matokeo yake huendelea kuzaa baada ya mkurugenzi kuondoka.

Mfano alioupenda ni mazungumzo ya ana kwa ana na msaidizi mmoja. Kwa hesabu yake, dakika 90 zilizotumika vizuri zinaweza kuinua ubora wa kazi ya msaidizi huyo kwa majuma mawili, yaani saa 80 na zaidi. Ni vigumu kupata hati fungani yenye faida ya namna hiyo. Alisisitiza kwamba mazungumzo hayo ni ya msaidizi, naye ndiye anayeandaa ajenda. Msaidizi mgeni katika kazi yake aonwe mara kwa mara, na mzoefu aonwe kwa nafasi zaidi.

Kadhalika, alishauri kwamba meneja ambaye kazi yake kubwa ni kusimamia awe na wasaidizi sita hadi wanane, na kila mmoja atengewe karibu nusu siku kwa juma. Mkurugenzi mwenye wasaidizi 15 wanaoripoti kwake moja kwa moja anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Nusu siku 15 ni siku saba na nusu, na juma la kazi lina tano.

Ipo pia saa inayozaa hasara. Mkurugenzi anayekuja kikaoni bila kusoma makabrasha, anayechelewesha uamuzi unaosubiriwa na watu 40, au anayeingilia kazi ya fundi aliyekwisha kumkabidhi, hapotezi saa yake peke yake. Anazipoteza za wengine pia.

SAA ZA MENEJA NA SAA ZA FUNDI

Katika sekta ya teknolojia kuna hatari moja ambayo mkuu wa mauzo au wa fedha haipati kwa kiwango hicho. Mtunga programu na meneja hawatumii saa kwa namna moja. Mwaka 2009 Paul Graham, mtunga programu na mwekezaji wa Marekani, aliieleza tofauti hiyo kwa ufasaha. Siku ya meneja imekatwa vipande vya saa moja moja, hivyo kikao cha ziada kwake ni kujaza kipande kilicho wazi. Siku ya mtunga programu imegawanyika katika nusu siku mbili. Ukimwita saa nne asubuhi kwa nusu saa, hukuchukua nusu saa yake. Umechukua asubuhi nzima, kwa sababu kabla ya kikao hawezi kuanza kazi ngumu, na baada ya kikao muda uliobaki hautoshi kuifikisha mahali.

Mkurugenzi mwenye busara hupanga vikao vya mafundi vifuatane mwishoni mwa siku, au huvikusanya katika siku moja ya juma. Gharama kwake ni ndogo, lakini faida kwa mafundi ni asubuhi nne nzima za kazi.

Mkusanyo huo unamsaidia hata mkurugenzi mwenyewe. Mwaka 2011 Jack Dorsey, aliyekuwa akigawa siku zake kati ya kampuni mbili, Twitter na Square, alieleza kwamba alikuwa ameipa kila siku mada yake. Jumatatu ilikuwa ya menejimenti, Jumanne ya bidhaa, Jumatano ya masoko, Alhamisi ya washirika na Ijumaa ya utamaduni wa kampuni. Jambo likizuka katikati, alijua linakaa siku gani.

MAAMUZI YANAYORUDI NA YASIYORUDI

Saa nyingi hupotea kwa sababu maamuzi yote hupitishwa kwenye mlango mmoja. Katika barua yake kwa wanahisa ya mwaka 2015, Jeff Bezos wa Amazon aliyagawa maamuzi katika aina mbili. Aina ya kwanza ni mlango ambao ukishapita huwezi kurudi. Aina ya pili ni mlango unaopitika pande zote mbili. Kampuni inapokua, alionya, huanza kutumia utaratibu mzito wa aina ya kwanza kwa mambo ya aina ya pili, na matokeo yake ni uzito na woga wa kujaribu.

Kwa mkuu wa teknolojia wa benki, kubadili programu kuu inayoshika akaunti za wateja ni mlango usiorudi. Hapo achukue muda, aulize na aulize tena. Lakini rangi ya ukurasa wa huduma za simu, ratiba ya zamu za usiku, au aina ya kompyuta za mapokezi ni milango inayorudi. Hayo yaamuliwe na mkuu wa kitengo siku hiyohiyo, na mkurugenzi apewe taarifa kwa mstari mmoja.

Kwa yale machache mazito, unahitajika muda usiokatizwa. Bill Gates alipokuwa Microsoft alikuwa na desturi ya kujitenga mara mbili kwa mwaka, juma zima, akisoma nyaraka za wafanyakazi wake. Mei 26, 1995 alisambaza kwa wakuu wa kampuni waraka kuhusu intaneti, uliozaliwa na juma la namna hiyo, na Microsoft ikabadili mwelekeo. Si kila mkurugenzi anaweza kupata juma. Lakini yule ambaye hawezi kujipatia asubuhi moja kwa mwezi atafute sababu ndani ya idara yake, si kwenye kalenda.

TATIZO LA MASAA YA DUNIA

Kwa wakurugenzi wa Afrika Mashariki lipo la ziada. Programu nyingi zinazotumika hapa husimamiwa na mafundi walio India, Ulaya au Marekani. Bangalore inatangulia Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili na nusu. Hivyo saa tisa alasiri hapa, huko ni saa kumi na moja na nusu jioni, na fundi anafunga mkoba wake. Kinyume chake, California inapoanza kazi saa mbili asubuhi, hapa ni saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku, kutegemea majira yao ya mwaka.

Mkurugenzi asiyepanga hujikuta akianza kazi na wa mashariki na kumaliza na wa magharibi, siku ya saa 14. Dawa ni kuipa India asubuhi, kuiwekea Marekani jioni mbili tu kwa juma, na kuweka meneja wa zamu mwenye mamlaka kamili ya kushughulikia dharura. Mamlaka nusu hayasaidii, kwa sababu simu ya usiku itapigwa tu.

ZOEZI LA WIKI

Katika kitabu kingine, cha mwaka 1996, Grove aliandika kwamba namna kiongozi anavyotumia saa zake huwaambia wafanyakazi kilicho muhimu kuliko hotuba yoyote. Yeye mwenyewe, alipoona kwamba biashara ya maikroprosesa inategemea programu, aliweka kwenye ratiba yake ziara kwa wakuu wa kampuni za programu ili wamfundishe asichokijua.

Wakurugenzi wanaotaka kulifanyia kazi somo hili wanaweza kuanza Jumatatu kwa hatua zifuatazo:

1. Chukua shajara ya mwezi uliopita. Andika kando ya kila kikao gharama yake kwa shilingi na uamuzi uliotokana nacho. Kikao kisicho na uamuzi mara tatu mfululizo kifutwe.

2. Orodhesha mambo matatu ambayo bodi itakuuliza mwisho wa mwaka. Hesabu saa ulizoyapa mwezi uliopita.

3. Taja simu tano za mwisho za dharura. Kwa kila moja, andika jina la msaidizi ambaye angeimaliza kama angekuwa na mamlaka, kisha mpe mamlaka hayo kwa maandishi.

4. Tenga asubuhi moja kwa juma isiyo na kikao wala simu, na mkabidhi katibu muhtasi ailinde. Mgeni wa kwanza atakayejaribu kuivunja pengine utakuwa wewe mwenyewe.

5. Mwisho, jiulize swali la mwaka 1985: bodi ikimleta mkurugenzi mpya kesho asubuhi, kitu cha kwanza atakachokifuta kwenye shajara hii ni kipi?

Jibu la swali la tano likipatikana, lifanyiwe kazi kabla ya Ijumaa.